Mwanzi wa Rungwe na Kero za Warukaji wa Upondo

Kila mchezo una kero zake. Mcheza mpira hulalamikia mwamuzi, mkimbiaji wa marathoni hulalamikia jua na milima, bondia hulalamikia majaji. Warukaji wa upondo, wanaovuka ufito kwa kujirusha kwa mti mrefu, nao wana malalamiko yao, na ukiyasikiliza kwa makini utagundua kwamba karibu yote yanahusu kifaa: nani ameukanyaga upondo, nani ameuazima bila kuomba, shirika gani la ndege limekataa kuupakia, kwa nini nguzo za ufito zimesogezwa vibaya, kwa nini godoro ni fupi. Mazungumzo ya namna hiyo huonekana madogo, ya watu waliozoea kudeka. Mimi nadai kwamba ni ushahidi wa historia. Yakipangwa kwa mfuatano wa miaka, malalamiko ya warukaji yanaonyesha jinsi mchezo huu ulivyotoka katika mikono ya watu walioweza kujikatia kifaa wenyewe na kuingia katika mikono ya wachache wanaoweza kukinunua. Mahali pazuri pa kuiona safari hiyo ni wilayani Rungwe, kwenye vilima vinavyouzunguka mji wa Tukuyu, kwa sababu watu wa huko waliishi na mwanzi kwa vizazi vingi, na mwanzi ndio uliokuwa upondo bora duniani hadi katikati ya karne ya 20. Hata hivyo Rungwe haikuwahi kuwa nchi ya warukaji. Anayetaka kujua kwa nini, aanze na kero.

Tuzitazame kwanza za leo. Upondo wa kisasa hutengenezwa kwa nyuzi za faibaglasi au kaboni, na kila mmoja huandikwa urefu wake pamoja na uzito wa mtu anayestahili kuutumia. Mrukaji mzito akiutumia upondo wa mtu mwepesi, unaweza kupinda kupita kiasi na kuvunjika. Mwepesi akiutumia wa mzito, unakataa kupinda na kumrudisha alikotoka, mahali pasipo na godoro. Ndiyo maana mrukaji wa ngazi ya juu hafiki uwanjani na upondo mmoja. Huja na fungu zima, akianza na ulio laini na kuhamia mgumu kadiri ufito unavyopanda. Mwenzake anapochukua mmoja bila kuomba, anachukua ngazi moja ya mpango wake wa siku nzima. Anayepita juu ya pondo zilizolazwa chini, akiwa amevaa viatu vya njumu, anaweza kuacha mkwaruzo usioonekana vizuri kwa macho, na hapo ndipo nyuzi zitakapokatikia mtu akiwa hewani. Anayekatiza njia ya mbio wakati mrukaji amekwisha kuanza kukimbia anamlazimisha kusimama ghafla na mti mrefu mikononi, huku saa ya jaribio lake ikiendelea kuhesabu. Hata kanuni za mchezo zimeukubali uzito wa jambo hili: upondo ukivunjika wakati wa kuruka, jaribio halihesabiwi kuwa limeshindwa, na mrukaji hupewa jingine. Ni mchezo ambao sheria yenyewe inakiri kwamba kifaa kinaweza kumwangusha mtu asiye na kosa.

Malalamiko hayo yana wazee wao. Katika karne ya 19, huko Ulverston kaskazini mwa Uingereza, warukaji walitumia miti mizito yenye ncha ya chuma, wakaichomeka ardhini, kisha mti ukiwa umesimama wakaupanda mkono juu ya mkono kabla ya kuvuka. Wamarekani waliona kwamba huko ni kukwea, wakapiga marufuku kuhamisha mikono kwenye mti, na marufuku hiyo hatimaye ikawa kanuni ya dunia nzima. Kwenye Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908 zamu ya kulalamika ilikuwa ya Wamarekani. Wao walikuwa wamezoea kuchimba shimo dogo la kusimikia upondo, waandaaji Waingereza wakakataa. Alfred Gilbert, aliyegawana ushindi wa mwaka huo na mwenzake Edward Cook, alikuwa miongoni mwa Wamarekani waliokuwa wameanza kutumia mwanzi badala ya mti mgumu mzito. Mwanzi na shimo vilikwenda pamoja: mwanzi ulikuwa mwepesi, mtu aliweza kukimbia nao kwa kasi, na kasi hiyo haikuwa na faida kama ncha ya upondo ingeteleza juu ya majani. Baadaye shimo likawa kisanduku kinachofukiwa mwisho wa njia ya mbio, na kipo hadi leo. Kwa hiyo hata kabla ya viwanda kuingia, ugomvi ulikuwa juu ya jambo lilelile, yaani nani mwenye mamlaka ya kuamua kifaa kiweje na uwanja uandaliwe vipi.

Wakati ugomvi huo ukiendelea Ulaya na Marekani, mwanzi ulikuwa na kazi yake Rungwe. Mvua za huko ni nyingi kuliko za sehemu kubwa ya Tanzania, udongo ni wa volkano, na Mlima Rungwe unapanda hadi karibu mita 2,960 juu ya usawa wa bahari. Kwenye miteremko yake ya juu, na katika misitu ya safu ya Livingstone iliyo jirani, mwanzi wa milimani huota wenyewe. Chini zaidi, kandokando ya migomba, watu hupanda vichaka vya mianzi ya nyumbani. Mvumbuzi wa Uskoti Joseph Thomson, alipotokea kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliisifu sana nchi ya Wanyakyusa kwa migomba yake na kwa usafi wa nyumba zake. Nyumba hizo zilitegemea mwanzi: ukutani mwanzi, kwenye paa mwanzi, na udongo na nyasi vikakamilisha kazi. Wamisionari wa Moraviani walipofungua kituo chao cha Rungwe mwaka 1891, wakifuatana na wenzao wa Berlin waliofika upande huo mwaka huohuo, walikuta ujenzi wa mwanzi ukiwa ni ufundi uliokomaa. Wajerumani nao baadaye wakajenga boma lao mahali penye Tukuyu ya leo, wakapaita Neu-Langenburg, katikati ya nchi ambayo tayari ilikuwa na mafundi wake wa nyumba.

Jambo lenye uzito zaidi kwa hoja yangu ni umri wa mafundi hao. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kati ya Wanyakyusa kuanzia mwaka 1934 hadi 1938, na kitabu cha Monica cha mwaka 1951, Good Company, kikaifanya desturi moja ya Rungwe ijulikane na wasomi wa dunia nzima: vijiji vya rika. Mvulana alipofika umri wa miaka kumi au zaidi kidogo alitoka nyumbani kwa baba yake, akaenda kulala na wenzake katika kijiji chao wenyewe. Chakula aliendelea kula kwa mama, ng'ombe aliendelea kuchunga wa baba, lakini kibanda alicholala kilijengwa na vijana wenyewe. Maana yake ni kwamba katika umri ambao mtoto wa shule wa Ulaya alikuwa akikabidhiwa upondo na mwalimu wa mazoezi ya viungo, mtoto wa Rungwe alikuwa tayari anajua kuuchagua mwanzi, kuukata, kuubeba na kuusimamisha. Mchezo wenyewe haukuwepo, lakini nusu ya maarifa unayoyahitaji ilikuwepo, tena kwa watoto wengi na bila gharama ya fedha.

Maarifa hayo yanastahili kutazamwa kwa karibu. Mwanzi hufikia urefu wake wote katika miezi michache ya kwanza, na baada ya hapo hauongezeki kimo wala unene. Kinachoendelea ni kukomaa. Ulio mchanga bado una maganda na unga mweupe chini ya mafundo, nao ukikauka hujikunja na kupasuka. Uliofikisha miaka mitatu hivi umepoteza ung'avu, una madoa ya ukungu, na ukigongwa kwa mgongo wa panga hutoa sauti kavu badala ya ile ya kitu kilichojaa maji. Uliozeeka sana nao haufai, maana umekuwa mkavu na dhaifu. Ukikatwa wakati umejaa wanga, wadudu watobozi huuingia na kuugeuza unga. Ukianikwa juani haraka mno, hupata ufa unaokimbia kutoka fundo hadi fundo. Ukilazwa vibaya, hukauka ukiwa umepinda na haunyooki tena. Sasa chukua maelezo hayo, umpe mrukaji wa miaka ya 1930. Angeona orodha yake mwenyewe ya kero. Yeye pia aliogopa ufa unaoanzia kwenye fundo, na ndiyo maana aliufunga upondo wake kwa utepe wa gundi, akiuzungusha kwa kubana kati ya fundo na fundo ili nyuzi za mwanzi zisifunguke kwa kishindo cha kusimikwa. Yeye pia alijua kwamba kati ya mianzi mingi iliyofika katika fungu moja, michache tu ndiyo ingestahimili.

Mwanzi huo haukuwa kifaa cha kubahatisha. Kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, Mmarekani Earle Meadows alishinda kwa mita 4.35, na Wajapani Shuhei Nishida na Sueo Oe, waliovuka kimo kimoja, wakaja baadaye kuzikata medali zao za fedha na shaba na kuziunganisha nusu kwa nusu ili kila mmoja awe na zote mbili. Mwaka 1940 Cornelius Warmerdam wa California alikuwa mtu wa kwanza kuvuka futi 15, yaani mita 4.57, akitumia mwanzi. Miaka miwili baadaye akaifikisha rekodi ya dunia mita 4.77, na haikuvunjwa hadi mwaka 1957, tena kwa sentimita moja tu, na mtu aliyetumia upondo wa chuma. Miaka 15 ya utawala wa mwanzi inatosha kuonyesha kwamba mmea huu haukuachwa kwa sababu ya udhaifu. Sababu kubwa ilikuwa biashara na vita. Mianzi mizuri ya warukaji wa Marekani ilitoka Japani. Vita vya Pili vya Dunia vilipokata njia hiyo, watengenezaji wakageukia mabomba ya chuma na alumini. Chuma hakikuwa na faida kubwa ya kimo. Faida yake ilikuwa kwamba kiliweza kutengenezwa kiwandani, kila kimoja sawa na kingine, bila kumtegemea mtu anayejua kuchagua mwanzi msituni. Mhunzi wa kiwanda akachukua nafasi ya mkata mianzi.

Baada ya chuma ikaja faibaglasi, na hapo mchezo ukabadilika sura. Mgiriki Georgios Roubanis alipata medali ya shaba ya Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 akiwa na upondo wa faibaglasi. Mwaka 1961 rekodi ya dunia ilivunjwa kwa mara ya kwanza kwa upondo wa aina hiyo. Na mwaka 1964 Fred Hansen alishinda Tokyo kwa mita 5.10. Warukaji wa zama za chuma walilalamika kwamba sasa ni upondo unaoruka badala ya mtu. Kanuni hazikuwasikiliza. Lakini mwaka 1972, siku chache kabla ya Olimpiki ya Munich, shirikisho la riadha la dunia lilizuia aina mpya ya pondo zilizotumiwa na Mmarekani Bob Seagren, bingwa mtetezi, likimlazimisha kuruka na upondo asiouzoea. Wolfgang Nordwig wa Ujerumani Mashariki akashinda, na hasira ya Seagren siku ile inakumbukwa kuliko ushindi wenyewe. Sambamba na faibaglasi liliingia godoro. Zamani mrukaji alitua kwenye mchanga au unga wa mbao, kwa miguu, na kimo alichoweza kujaribu kilipimwa na kimo alichoweza kushuka salama. Godoro la sponji lilimruhusu kuanguka kwa mgongo kutoka mita tano. Kwa hiyo upondo mpya ulidai godoro, godoro likadai ghala na mlinzi, na gharama ya kuanza ikapanda kutoka bei ya panga hadi mamia ya dola kwa upondo mmoja na maelfu kwa godoro.

Hapo ndipo Tanzania inapoingia katika hesabu. Nchi ilipata uhuru mwaka 1961, mwaka uleule faibaglasi ilipovunja rekodi yake ya kwanza. Mlango wa mchezo ulikuwa ukifungwa wakati taifa lilipofika mlangoni. Riadha ya Tanzania ikasimama pale ambapo kifaa kinahitajika kidogo: Filbert Bayi akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, na mwaka 1980 yeye na Suleiman Nyambui wakaleta kutoka Moscow medali mbili za fedha za Olimpiki. Tukuyu yenyewe ilionyesha uwezo wake katika mchezo ambao mpira mmoja unawatosha watu 22: Tukuyu Stars, timu iliyokuwa imepanda daraja tu, ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986 mbele ya vigogo wa Dar es Salaam. Tofauti ya michezo hii ilijidhihirisha kwa namna ya pekee tarehe 15 Septemba 2025, kwenye mashindano ya dunia mjini Tokyo. Siku hiyo asubuhi Alphonce Simbu wa Tanzania alishinda marathoni kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, na jioni Armand Duplantis wa Sweden akavuka mita 6.30, iliyokuwa rekodi mpya ya dunia ya upondo. Simbu alikulia katika nchi ambayo barabara ya vumbi inatosha kuwa uwanja wa mazoezi. Duplantis alikulia Louisiana, Marekani, ambako baba yake, mrukaji wa zamani, aliweka njia ya mbio, pondo na godoro nyuma ya nyumba. Wote wawili wana vipaji vikubwa, na kipaji cha kila mmoja kilikua kwa kile kilichokuwa karibu naye.

Yapo mapingamizi, na la kwanza husikika mara nyingi: kwamba watu wa sehemu hizi hawakuwa na desturi ya kuruka juu, hivyo hata wangepewa vifaa wasingeutaka mchezo. Historia ya Afrika Mashariki inalikataa. Mwaka 1907 mwanamfalme wa Kijerumani Adolf Friedrich wa Mecklenburg alitembelea Rwanda, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya koloni moja na Rungwe, akashuhudia vijana wa ikulu ya Mwami Musinga wakiruka juu ya ufito uliowekwa kati ya matete mawili. Picha ya mrukaji akipita juu ya vichwa vya watu wazima ilizunguka Ulaya. Vimo vilivyotajwa vilizidi rekodi ya dunia ya wakati ule, iliyokuwa mita 1.97, ingawa ni lazima isemwe kwamba warukaji wa Rwanda walijisukumia kutoka kwenye kichuguu kidogo au jiwe, jambo lisiloruhusiwa katika riadha. Hoja hapa haitegemei sentimita. Desturi ya kuruka ilikuwepo, ilithaminiwa, na ilifundishwa kwa vijana, kwa sababu vifaa vyake vilikuwa matete na udongo. Haikugeuka kuwa riadha ya mashindano kwa sababu hakuna aliyeijengea uwanja, wala kuiandikia kanuni, wala kuipa mwalimu. Kukosekana kwa mabingwa si uthibitisho wa kukosekana kwa hamu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalichukulia kwa uzito wake. Mtu anaweza kuuliza: kama kifaa ndicho sababu, mbona Rungwe haikutoa warukaji katika zama za mwanzi, kati ya mwaka 1908 na Vita vya Pili vya Dunia, wakati ilikuwa na mwanzi tele? Swali hili linailazimisha hoja yangu iwe sahihi zaidi. Mwanzi peke yake haukuwahi kuwa upondo. Ulifanywa kuwa upondo na watu walioutafuta, wakaukausha, wakaufunga utepe, wakachimba shimo, wakatifua mchanga wa kutulia, wakaweka nguzo, wakapanga siku ya mashindano. Rungwe ilikuwa na mwanzo wa mnyororo huo tu. Shule za misheni zilikuwa na kazi ya kufundisha kusoma, kuandika na dini kwa walimu wachache, na serikali ya kikoloni, ya Kijerumani na kisha ya Kiingereza baada ya mwaka 1916, iliiona wilaya kama mahali pa kodi, kahawa, chai na vibarua. Kijana aliyejua mwanzi kuliko mtu yeyote hakukutana na mtu aliyejua mchezo. Ndiyo maana nasema kifaa, nikimaanisha mti pamoja na kila kilichouzunguka. Na kero za warukaji zinathibitisha hilo: ni chache zinazohusu upondo wenyewe kuwa mbaya. Nyingi zinahusu watu wanaouzunguka, yaani aliyeukanyaga, aliyesogeza nguzo, aliyechelewesha shindano, aliyekataa kuusafirisha. Mwaka 2008 mjini Beijing, Fabiana Murer wa Brazil alikosa mmoja wa pondo zake katikati ya fainali ya Olimpiki kwa sababu waandaaji waliupoteza, na mashindano yake yakaharibika hapohapo. Hakukosa ujuzi, wala upondo wake haukuwa na hitilafu. Kilichokatika ni mnyororo wa watu.

Pingamizi la tatu ni la usalama na la mazingira: kwamba kuzungumzia mwanzi leo ni kuwatamanisha watoto wavunje shingo, na pia kuhimiza watu wakakate msitu. Usalama kwanza. Ni kweli kwamba mwanzi hupasuka, na ni kweli kwamba kuanguka kwa mgongo kutoka juu bila godoro ni kifo au ulemavu. Hata kwenye nchi zenye magodoro, vifo vya vijana vilivyotokea Marekani mwaka 2002 vilisababisha kanuni za ukubwa wa godoro zibadilishwe. Hakuna mwalimu mwenye akili atakayemwambia mtoto avuke mita tatu kwa mwanzi na kutua kwenye majani. Lakini hatua za kwanza za mchezo huu hufanyika chini kabisa: kujifunza kushika, kukimbia na upondo, kuusimika, na kujirusha mbele kwa urefu badala ya kwa kimo, ukitua kwa miguu kwenye shimo la mchanga lilelile la kuruka chini. Kwa hatua hizo upondo mgumu usiopinda unatosha, na kujifunza kukagua mwanzi kabla ya kuutumia ni sehemu ya somo. Kuhusu msitu, Mlima Rungwe ni hifadhi, na ndani yake anaishi kipunji, nyani adimu ambaye wanasayansi walimtangaza kwa dunia mwaka 2005. Mwanzi wa huko haupaswi kuguswa, na hauhitajiki kuguswa. Mianzi inayopandwa mashambani, ile inayotengenezewa matenga ya ndizi na uzio wa bustani, inaweza kutosha mahitaji ya shule za wilaya.

Atakayebaki na shaka atasema kwamba kuna mambo ya maana zaidi kuliko kurusha watoto kwa mianzi, nami sibishani naye juu ya madawati na madaftari. Ninachobisha ni tafsiri ya historia. Kwa muda mrefu tumezoea kuigawa michezo kati ya ile iliyo yetu na ile isiyo yetu, kana kwamba mgawanyo huo umetoka kwenye damu au kwenye mila. Kisa cha upondo kinaonyesha mgawanyo huo ulivyotengenezwa, hatua kwa hatua, na kwa tarehe zinazojulikana. Kwa zaidi ya miaka 30 dunia ilirukia mmea unaoota Rungwe. Vita vikauondoa mmea huo, kiwanda kikaziba pengo, godoro likapandisha gharama, na taifa letu likaingia kwenye mashindano ya dunia wakati bei ya kiingilio imekwisha kupanda. Wakati huohuo nyumba za mwanzi za Rungwe zilikuwa zikigeuka kuwa za tofali na bati, vijiji vya rika vikafifia, na watoto wakaacha kujijengea vibanda. Maarifa ya mkono yaliyoweza kukutana na mchezo yakapungua kabla ya mchezo kufika. Hakuna aliyeamua kwamba mtoto wa Tukuyu asiruke. Iliamuliwa mahali pengine kifaa kiweje, na uamuzi huo ukamfikia yeye kama ukimya.

Ndiyo sababu kero za warukaji zinastahili kusikilizwa na watu ambao hawajawahi kuushika upondo. Anayelalamika kwamba ndege imekataa kifaa chake cha mita tano anatueleza, bila kukusudia, kwa nini mwanafunzi ambaye angetakiwa kusafiri na kifaa hichohicho kwa basi kutoka Tukuyu hadi Mbeya, kisha Dar es Salaam, asingeanza kabisa. Anayelalamika kwamba upondo wake umekwaruzwa anatueleza kwamba shule yenye upondo mmoja haina hata wa akiba. Afisa michezo anayepanga orodha ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, mwalimu anayeandika bajeti, na mwandishi anayeandika historia ya riadha ya Tanzania wote wangefanya vyema kuanza na swali la ghala kabla ya swali la kipaji: kuna nini cha kushika, kuna nini cha kutulia, na kuna nani wa kuvitunza? Rungwe ilikuwa na jibu la swali la kwanza kwa karne nzima. Maswali mawili yaliyobaki yalikuwa ya serikali, ya shule na ya vyama vya michezo, na bado ni yao.